Unga Juu ya Injini

...kwa sababu oili haina haraka, oili inatoka kama usingizi na kulala palepale ilipoangukia, lakini mazutu, dizeli ya lori, yana mbio, yanapita juu ya chuma, yanapita chini ya chuma, yanafuata upepo wa feni, yanateleza nyuma kwenye chasi mpaka yachoke, ndipo yadondoke, na mtu akiweka kopo chini ya tone anasema nimepata, hajapata kitu, amepata pale yalipochoka tu, mimi nataka pale yalipoamkia, na nimelala chali chini ya lori la Abner, udongo mwekundu umeniingia kwenye kola, tochi iko kati ya meno, injini inanguruma juu ya kifua changu, "Ulishaona, shemeki?" anauliza Abner huko juu kwenye kabini, "Bado," namjibu, na tochi inacheza mdomoni, bado, bado, tumeiosha injini asubuhi kwa sabuni na maji ya moto, tumeipangusa, imekauka juani, kisha nikaipulizia unga wa muhogo kupitia soksi kuukuu, unga uleule wa bukari, ugali wetu, mweupe, mwepesi, kila bolti ikavaa nyeupe kama watoto wa komunyo ya kwanza, hivyo ndivyo tunavyofanya hapa, oili ikitoka unga unapata doa la kahawia linalopanuka taratibu, mazutu yakitoka unga unachorwa uzi wa kijivu, mwembamba, na kila uzi una mwanzo... Clotilde alicheka alipouona, amesimama kando ya gurudumu la mbele, kutoka huku chini naona miguu yake tu, ndala za rangi ya dhahabu, kucha nyekundu, "Yaya Nday, leta basi sombe tukule hii moteri," alisema, ananiita kaka, anataka kisamvu cha kulia unga huu, na Abner akacheka mpaka kabini ikatikisika, "Acha, bibi, uyu atakula peke yake, habashibake mu ile nyumba yabo," na mimi nikacheka, mume wa dada yako anaruhusiwa kukutania na wewe unaruhusiwa kumtania, ndivyo tulivyolelewa, hata kama dada hayupo tena, hata kama ndala za dhahabu zimesimama pale ambapo ndala za Mwadi zingesimama, ndala za plastiki, za kijani, moja imefungwa kwa waya... usifikirie ndala, tafuta, hapa kwenye kifuniko cha juu kuna doa la kahawia, oili, haidhuru, lori la umri huu lisilotoa oili ni lori lisilo na oili, pampu ni kavu, nyeupe, kichujio ni kavu, nyeupe, na bado harufu ya mazutu inanipanda puani, inatoka nyuma, kule nyuma zaidi, naburuza mgongo, naburuza kisigino, jiwe linanichoma ubavuni, na mwaka mzima lori hili lilikuwa linatengenezwa na fundi mwingine kambini kule Base, Abner hakunijua, alinipita barabarani akipiga honi na mkono wake nje ya dirisha, leo amenikumbuka, amekuja na mkate na makopo mawili ya sardini na shemeki, shemeki, shemeki, kwa sababu Jumamosi tunamtoa kilio, ukoo wetu utamketisha kwenye mkeka na mama atamuuliza tena lile swali, mtoto wangu alikufa na nini, kwetu linaulizwa mara mbili, siku ya kuzika na siku ya kutoa kilio, ili mdomo uliojibu ujisikie tena, akijibu vizuri atamwagiwa maji, atavaa shati jipya, atakuwa mtu huru na kumwoa Clotilde, na asipojibu vizuri hatamwagiwa, na mwanamume ambaye hakumwagiwa maji na ukoo wa marehemu, hata yule baba yake Clotilde na kofia yake ya reli hawezi kumpa binti, hataki maiti ya watu imfuate mtoto wake kitandani... "Kanyaga kidogo," napaza sauti, na Abner anakanyaga, injini inapiga kelele, unga unatetemeka, "Basi," na inashuka, hakuna kitu hapa, nyeupe tupu, na mara ya kwanza alijibu vizuri, wananiambia alijibu vizuri sana, aliweka kiganja chini kwenye udongo, akasema, "Alikufa na mwizi, mama," na wanawake wakaanza kulia upya, mimi sikuwepo, mimi nilikuwa kwenye gari moshi kutoka Lubumbashi, limesimama porini na kichwa chake kimekufa, abiria wanapika kando ya reli, nilipofika kaburi lilikuwa limefunikwa na maua ya karatasi yaliyonyeshewa, kwa hiyo dada yangu ninamjua kwa hadithi tu, hadithi ya Abner, kwamba Mwadi alikwenda naye Mulongo kununua samaki wakavu, tumbo lilikuwa bado halijafika siku zake, uchungu ukamshika kule, akampandisha kabini kumleta hospitali hapa Kamina, na katikati ya pori lori likakohoa, likanyamaza, tangi tupu, tangi ambalo alilijaza kwa mkono wake, akamtuma convoyeur wake, utingo, Masengo, aende kwa miguu na bidoni, dumu tupu, akatafute mazutu, na Masengo aliporudi na bidoni kichwani Mwadi alikuwa amekwisha, yeye na alichobeba, juu ya kiti, na Abner akasema Masengo ndiye aliyenyonya mazutu akayauza kwa wavuvi, na Masengo akasema, maneno machache tu, wananiambia hakusema mengine hata alipopigwa, "Ilivuja njiani, patron," basi wazee wa ukoo wakaenda kuangalia, lori limeegeshwa uani kwa Abner, mazutu ya ile bidoni yamo tangini, wakainama na fimbo zao, wakatazama chini, udongo mkavu, wakapapasa tangi, kavu, wakasema kitu hiki hakivuji, na Abner akachukua mkono wa jeki mbele yao, na goti la Masengo lilivunjika kama muhogo unapokatwa kutoka shinani, mama ndiye aliyenisimulia sauti hiyo, aliisimulia kwa raha, mama yangu, mwanamke wa rozari... na sasa ni nini tena, naisikia kabla ya kuiona, kinga inayosukumwa, baiskeli inayosukumwa ina sauti yake, mnyororo haulii, gurudumu tu, na katikati ya mzunguko mguu unaburuzwa, shhh, hatua, shhh, hatua, watu wa barabara hii yote ya stesheni wanaijua sauti hii, na Abner pia, injini haimzuii kuisikia, "Eh, Masengo, kuya hapa unuse, leo mazutu iko mingi," anasema kutoka dirishani, na vijana wa pikipiki waliokaa kule kivulini wanaanza kucheka kabla hajamaliza, "Juu ya nini unasukuma kinga? Panda basi. Miguu uliachia nani?" na kinga inasimama, naona kati ya magurudumu ya lori viatu vya matairi, kimoja kimelika upande mmoja mpaka kimekuwa kama ulimi, naona magunia ya makaa yakining'inia, "Eyo, vidye," anasema Masengo, kwa Kiluba, kwa heshima, kama mtu anavyomjibu chifu, "Unamuona uyu, Clotilde? Uyu njo alisema eti mazutu ilivuja. Ivuje wapi? Iliingia mu mufuko yake," "Acha mutoto ya bantu, Abner," anasema Clotilde, lakini sauti yake inacheka, ndala zinacheka, "Minyi namupenda, minyi namusalimiaka kila siku, si vile, Masengo? Ambia bibi. Mazutu ilivuja wapi?" na mimi chini na tochi mdomoni nangojea pia, mate yananitoka pembeni mwa mdomo, mtu mzima mwenye mvi, mwenye watoto, mtu aliyembebea dada yangu bidoni kichwani kutwa nzima, anasema, "Ilivuja njiani, patron," na wanacheka, wale wa pikipiki wanapigana mapaja, "Njiani, njiani," mmoja anamwigiza, na viatu vinaondoka, shhh, hatua, shhh, hatua, na mimi sijacheka safari hii kwa sababu tochi iko mdomoni, kwa sababu hiyo tu... "Shemeki, endelea, tusifike Mulongo usiku," "Naendelea," njiani, alisema njiani, mtu mwongo angechagua mahali, angesema tangi, angesema pampu, angesema kitu ambacho wazee wangeweza kukigusa kwa fimbo, yeye anasema njiani, wakati lori linakwenda, wakati linakwenda tu... "Kanyaga, Abner, usiachie," na inanguruma, na nageuza kichwa, na hapo, pale nyuma, juu ya chasi, unga ambao ulikuwa mweupe unapata uzi, kijivu, mwembamba, unakuja mbio kuelekea kwangu kana kwamba umeitwa jina, "Achia," na uzi unasita, unasimama, "Kanyaga," unakuja, "Achia," unasimama, Bwana wangu, ni bomba la kurudishia, lile jembamba linalorudisha tangini mazutu ambayo injini haikuyala, injini ikikimbia lina presha, injini ikizimwa halina kitu, kavu, ukoo mzima unaweza kuinama na fimbo zake na lisiseme neno, wazee walikwenda kuuliza lori lililolala, walitazama udongo wa uani, hakuna aliyewasha, hakuna aliyesema liwasheni, hakuna hata mmoja, na goti la mtu likavunjika kwa sababu hakuna aliyezungusha ufunguo... na Abner je, Abner dereva, Abner anayejua lori lake kwa harufu, hakujua, pengine hakujua, muulize polepole, Nday, pengine naye alidanganyika, ufuate uzi kwanza, ufuate, unapanda juu ya giaboksi, unaingia kwenye ule mwanya kati ya giaboksi na chuma cha chasi, mwanya mbaya, mkono unaingia hadi kiwiko na ngozi inabaki nyuma, mkono wangu unaingia, sisi kwetu tuna mikono myembamba, mama, mimi, Mwadi, mikono ya kutolea samaki kwenye matundu ya wavu, mkono wa Abner haungeingia hapa hata ukipakwa sabuni, naingiza, joto, chuma kinaniuma, vidole vinapapasa bomba, laini, laini, kisha donge, tope la oili na vumbi lililoganda, kubwa kama yai, nalikwangua kwa kucha, linamenyeka, na chini yake si chuma, chini yake ni kitambaa, kimezungushwa juu ya bomba, kigumu kama gome, na mazutu yanatoka humo, yanatoa jasho polepole, kimefungwa ili kuziba, mtu alikuwa amekwisha kuona, mtu alikuwa amekwisha kujua kwamba linavuja hapa hapa, na akafunga... fundi wa Base, sema ni fundi wa Base, fundi anaweka kipande cha mpira na waya, hafungi kitambaa, na tope hili si la mwezi mmoja, nachovya kidole katika mazutu yenyewe na kusugua, nasugua, nasogeza kichwa mpaka shavu linagusa giaboksi na kuungua, tochi inaingia kidogo, na rangi inatoka, bluu, nasugua tena, bluu, na ndani ya bluu kitu cha njano, kidogo, taa, taa ndogo ya njano yenye ulimi wa moto, kitenge cha kina mama wa parokia, cha sikukuu ya Bikira, mama anacho hichohicho, alikivaa juzi, Mwadi alikuwa amekivaa siku ile, alirudi nacho, walipomvua kumwosha mama aliona pindo halipo, ukanda umetoka wote, upana wa vidole viwili, akauliza, maana mama anauliza kila kitu, na Abner akasema, "Iliraruka mu mulango ya lori, mama, wakati nilikuwa namushusha," na mama mpaka leo husema akisonga bukari, husema bila kumwambia mtu, nilimzika mtoto wangu na nguo nusu... "Ulishaona?" "Bado," nani amesema bado, mimi, mdomo wangu umesema, na vidole vimo ndani, vimefika kwenye fundo, usiliguse, liguse, mizunguko miwili, ncha imepitishwa chini na kurudishwa, fundo la mafungu ya samaki, wanawake wa Mulongo hufunga hivyo na mama alitufundisha sote, lakini wote wanavutia kulia, na hili limevutiwa kushoto, nalipapasa tena, kushoto, kushoto, mama alimpiga ule mkono kwa mwiko tangu anajifunza kula, mkono wa chooni huo, Mwadi, badilisha, na hakubadilisha, alikula kwa kulia mezani na kufunga kila kitu kwa kushoto, kamba za mbuzi, mikanda ya watoto, mafungu ya samaki, tulikuwa tunajua sokoni fungu lipi ni lake... basi ulikuwa hapa, ulilala hapa, mgongo wako palipo mgongo wangu, tumbo lako limegusa chuma hiki, na injini ilikuwa ikiwaka maana bila hivyo usingeona panapotoka, na Abner alikuwa wapi, alikuwa amepiga magoti kule pembeni na tochi, akisema sogea, sogea kidogo, ingiza mkono, wewe njo uko na mukono mudogo, alimtuma Masengo mbali na bidoni na wewe akakutuma chini, au ilikuwa kabla, au Masengo alikuwa amelala juu ya magunia, haidhuru, ulirarua pindo kwa meno, uchungu ukaja, ukangoja upite, ukazungusha mara mbili, ukavuta kushoto, ukafunga vizuri sana, mwaka mzima limeshika, limeanza tu kuchoka sasa, hakuna fundi wa Kamina angefunga vizuri hivyo kwa kitambaa, na tangi lilikuwa limekwisha kumwagika njiani, yale machache yaliyobaki hayakufika mbali, na Abner alijua, alijua lori liliponyamaza, alijua Masengo alipokuja na bidoni yake, alijua alipoweka kiganja kwenye udongo, alijua na mkono wa jeki juu ya kichwa chake... na leo amenileta mimi, nimlalie chini, nimtafutie, hii ndiyo inanikata pumzi, si kwamba alificha, mtu anayeficha asingeleta lori kwa kaka yake Mwadi, hakuficha, amesahau, ule ukanda kwake ulikuwa kitambaa tu, alishika tochi, akaona mkono wa mke wake unaingia na kutoka, akasema sawa, panda twende, na jambo hilo likamtoka kama jina la kijiji ulichopita, alitunza uongo tu, uongo ameulisha na kuuvisha, anautania barabarani... "Shemeki, unalala uko chini?" anasema Abner, na Clotilde anasema, "Labda alipata muke kule chini," na wanacheka wote, wa pikipiki, yeye, Abner, kicheko kikubwa cha siku njema, na mimi nimeshika fundo la Mwadi kwa vidole viwili na nasikia mwili wangu unacheka pia, hee, hee, mbavu zinagonga udongo, ndiyo, bibi, nimempata... na bomba la moshi liko hapo, karibu, jekundu kwa joto, nikilifungua fundo hili na kulisukuma bomba kidogo tu, kwa kidole, uzi wa kijivu hautakuwa uzi tena, utaangukia pale, si leo, si hapa mjini, mbele kule, kwenye mlima, atakapokanyaga kweli, nyasi ni kavu, milango ya lori hili ni migumu kufungua kwa ndani, naiona, naitazama kwa utulivu na haiumizi macho, ingetosha kusema nimemaliza, safari njema, shemeki... lakini moto ni mfupi, moto hauulizi, mtu anaungua na uongo wake ukiwa mzima mdomoni, na ukoo wangu utamlilia, mama atamlilia, atasema mkwe wangu mzuri, watamzika kando ya Mwadi kama Mkristo, hapana, Abner, wewe utaishi, nitakutengenezea lori hili kuliko fundi yeyote alivyowahi kukutengenezea, nitakata bomba upande huu na upande huu, fundo libaki limeshika kipande chake cha chuma, sitalifungua, nitaweka bomba jipya na utakwenda Mulongo na kurudi bila tone hata moja, unga utabaki mweupe, utasema shemeki yangu ni fundi, utarudi Ijumaa, na Jumamosi utakaa kwenye mkeka umenyoa, na maji yatakuwa kwenye beseni la plastiki mbele yako, na sitasema kitu, nitangoja mama aulize, na wewe utaweka kiganja chini, nataka uweke kiganja chini, nataka useme kwa mara ya pili, wote wasikie, alikufa na mwizi, mama, pole pole, kwa ile sauti yako ya huzuni, na hapo ndipo nitatumbukiza kipande hiki ndani ya beseni, maji yatageuka, rangi zitaelea juu yake, na taa ndogo ya njano, na mama atainama... na mama, ndiyo, mama, utauona mkono wa kushoto kabla ya mtu yeyote, utajua alilala wapi na tumbo lake, utajua kile ulichokuwa ukikilaani kila alfajiri kwa jina la Masengo kilikuwa kinakunywa chai nyumbani kwako, hutapona, najua hutapona, umeanza tu kulala usiku mwezi huu mmoja na nitauchukua usingizi huo na kuutupa kwenye beseni, ningeweza kukuepusha, ningeweza kuchoma kitambaa hiki leo na kukuacha na mwizi wako, hapana, utajua, nitakaa kando yako na utajua... na Masengo nitamwita aje, asimame mlangoni na kinga yake, sitamwambia kwa nini, akijua atalia, akilia Abner atanusa kitu, basi hadi Jumamosi aendelee kusukuma, waendelee kumwita mwizi kwa siku hizi zilizobaki, amezoea, nimesema amezoea, nimelisema kwa moyo mwepesi kama Abner angelisema, na moyo haukugoma, unapiga sawasawa na injini, moja mbili, moja mbili, natoa mkono polepole kwenye mwanya, ngozi imebaki kule, damu kidogo imechanganyika na unga, napaka tope juu ya kitambaa tena, kwa kidole gumba, nafunika bluu, nafunika taa, lala kidogo tena, dada, na ndala za dhahabu zinasogea, na viatu vya Abner vyenye ncha vinashuka kwenye ngazi ya kabini, kimoja, na kingine kinabaki juu, ameinama nusu, naona kidevu chake, naona tabasamu lake limepinduka kichwa chini, "Ulishaona, shemeki?" na nalitazama tabasamu hilo, meno yote, nalitazama kwa upendo karibu, kama mtu anavyotazama kuku wa Jumapili, "Bado," namwambia, "rudia mu kabini, kanyaga tena."